Kuhesabu Watu Saa Kumi Alfajiri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Waangalizi wa Kizuizi cha 300, Bethlehemu

Maswali haya yametoka kwa watu wa kila namna: vijana wanaotaka kujitolea, mahujaji waliopita Bethlehemu kwa basi na kuona foleni dirishani, na wazee wa kijiweni wanaotaka tu kujua "wale wenye vizibao wanafanya nini pale". Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine ni mstari mmoja. Waangalizi ni watu wa kujitolea wanaosimama kizuizini na kuhesabu Wapalestina wanaovuka kwenda kazini Israeli. Foleni na vibali ninavyovieleza kwa wakati uliopo ni vya kabla ya Oktoba 2023, na foleni ndefu zaidi ni za kabla ya 2019; yaliyofuata yako karibu na mwisho.

Kizuizi cha 300 ni kitu gani hasa?

Kiko kaskazini mwa Bethlehemu, karibu na Kaburi la Raheli, kwenye barabara kongwe inayotoka Hebroni kwenda Yerusalemu. Kutoka hapo hadi Mji Mkongwe wa Yerusalemu kilomita hazifiki 10. Wapalestina hukiita *hajiz thalathmiya*, yaani kizuizi mia tatu. Waisraeli hukiita kwa jina la kaburi au la Gilo, mtaa wa walowezi ulio mlimani jirani.

Msomaji wa Nakuru au Morogoro akisikia "kizuizi" anawaza polisi wa trafiki, mapipa mawili na ubao wa misumari barabarani. Futa picha hiyo. Hapa kuna ukuta wa zege unaofikia mita 8 kwenda juu, na ubavuni mwake kuna njia nyembamba iliyozungushiwa vyuma pande zote mbili na kuezekwa juu. Aliyewahi kupeleka ng'ombe joshoni ataielewa mara moja: ukishaingia hugeuki, unasukumwa na aliye nyuma yako hadi ufike mbele. Mwisho wa njia kuna mlango wa vyuma unaozunguka, unaopitisha mtu mmoja mmoja na kufungwa na askari kwa kubonyeza kitufe. Kisha uwanja, kisha jengo kubwa lenye mashine za kukagua mizigo, vigundua chuma, na vibanda vya vioo ambamo askari hukagua kadi. Jengo hilo lilianza kazi mwaka 2005. Kabla yake palikuwa na askari na matofali ya zege barabarani.

Jambo moja ambalo wageni wengi hulikosa: kizuizi hiki hakikai juu ya mpaka. Mstari wa kusitisha vita wa 1949, ambao dunia nzima huutumia kupimia nchi hizi mbili, uko kaskazini zaidi. Ukuta uliingia ndani ya Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina lenye miji kama Bethlehemu na Hebroni, na kizuizi kikaingia nao. Tarehe 9 Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule The Hague, ilitoa maoni kwamba kujenga ukuta ndani ya ardhi inayokaliwa kijeshi ni kinyume cha sheria za kimataifa. Siku tisa kabla, Mahakama Kuu ya Israeli yenyewe iliamuru sehemu ya njia ya ukuta ibadilishwe katika kesi ya kijiji cha Beit Surik, ingawa ilikubali kwamba jeshi lina haki ya kujenga uzio kwa sababu za usalama.

Wanaopita hapo ni nani?

Wengi ni wanaume wa ujenzi: waashi, mafundi wa kufunga nondo, wapaka rangi, saidia fundi. Wapo pia wa mashambani, viwandani na jikoni za hoteli. Wanatoka Bethlehemu na Beit Jala, lakini wengi zaidi hutoka vijiji vya kusini, upande wa Hebroni, na hao ndio wanaoondoka nyumbani saa saba au saa nane usiku.

Kwa nini usiku wa manane, wakati kazi inaanza saa moja asubuhi? Kwa sababu hakuna anayejua leo kutakuwaje. Jana vibanda sita vilikuwa wazi, leo viwili. Jana mlango ulizunguka bila kusimama, leo askari ameufunga dakika ishirini bila kusema neno. Mwajiri wa upande wa pili hasikilizi hadithi za foleni. Gari lake likiondoka bila wewe, siku imekwenda na nauli imekwenda. Basi mtu anaibeba hasara mwenyewe kwa kuamka mapema zaidi, na kila mmoja akifanya hivyo, foleni ya saa kumi na moja inahamia saa tisa. Wanafika gizani na kulala juu ya maboksi yaliyokunjuliwa. Wauza kahawa na mikate ya ufuta wanajua biashara iko wapi; meko yao huwashwa kabla ya adhana ya alfajiri. Sala yenyewe husaliwa palepale, wengine kwa zamu ili wasipoteze nafasi.

Sababu ya kuvumilia yote hayo ni mshahara. Ujira wa siku upande wa Israeli ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Ukingo wa Magharibi. Neno wanalolitumia kwa jambo hili tunalo nasi, kutoka Kiarabu hichohicho: riziki.

Kibali kinapatikanaje?

Hili ndilo swali ningependa liulizwe kwanza, kabla ya foleni.

Baada ya Israeli kuteka Ukingo wa Magharibi na Gaza mwaka 1967, kulikuwa na kipindi kirefu ambapo Wapalestina wengi waliingia Israeli mchana kwa kibali cha jumla, kilichotolewa kwa watu wote mwaka 1972. Wakati wa Vita vya Ghuba, Januari 1991, kibali cha jumla kikaondolewa na kila mtu akatakiwa kuwa na chake binafsi. Mwaka 1993 maeneo hayo yakafungwa kwa jumla, na tangu hapo kukosa kibali ndiyo hali ya kawaida. Anayekipata ni mtu wa bahati.

Kibali cha kazi, *tasrih*, hakiombwi na mfanyakazi. Huombwa na mwajiri wa Kiisraeli kutoka katika idadi iliyotengwa kwa kila sekta. Jina hupelekwa kwa idara ya usalama wa ndani. Mwombaji anatakiwa kuwa na kadi ya sumaku yenye alama za vidole vyake. Kwa miaka mingi kulikuwa pia na masharti ya umri na ndoa: kijana asiye na mke hakuaminiwa, na umri wa chini ulipandishwa na kushushwa kadiri ya hali ya kisiasa. Jina lako likikutwa na alama ya "amezuiwa kwa sababu za usalama", huambiwi sababu. Inaweza kuwa ndugu aliyefungwa, inaweza kuwa kosa la karani, inaweza kuwa kwamba ulikataa kuwa mtoa habari. Utajiuliza mpaka uchoke.

Halafu kuna dalali. Mwajiri anaomba vibali vingi kuliko wafanyakazi anaowahitaji na kuviuza. Dalali wa Kipalestina anavinunua na kuwauzia watu kwa mwezi. Bei imekuwa kati ya shekeli 1,500 na 2,500. Kuna mafundi wanaompa dalali karibu theluthi ya kipato chao kila mwezi. Desemba 2020 Israeli ilianza kubadilisha utaratibu ili kibali cha mjenzi kisifungwe kwa mwajiri mmoja, lakini biashara haikufa.

Wakenya wenye babu waliovaa kipande shingoni, karatasi ndani ya kijaluba cha chuma, wataona jambo wanalolijua: bwana asipotia saini, mtu hana ruhusa ya kwenda kutafuta kazi kwingine. Silinganishi dola na dola. Nalinganisha karatasi na karatasi.

Waangalizi ni akina nani?

Makundi mawili ndiyo yanayojulikana zaidi, na hayafanani.

La kwanza ni Machsom Watch, wanawake wa Israeli, walioanza mwaka 2001 katika miezi ya mwanzo ya intifada ya pili, maasi ya Wapalestina yaliyoanza mwaka 2000. *Machsom* ni neno la Kiebrania la kizuizi. Wengi wao ni wastaafu, mabibi wa mjini, wenye wana au wajukuu waliowahi kuvaa sare hiyohiyo ya askari aliye kibandani. Huko ndiko nguvu yao iliko. Askari wa miaka 19 anaweza kumfokea fundi wa miaka 50. Ni vigumu kumfokea mwanamke anayemzungumzisha kwa Kiebrania cha nyumbani kwao na kumuuliza kwa nini kibanda namba tatu kimefungwa.

La pili ni mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni unaojulikana kwa kifupi kama EAPPI. Ulianza mwaka 2002 kufuatia ombi la wakuu wa makanisa ya Yerusalemu. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali hukaa miezi mitatu katika timu ndogo. Afrika Kusini imekuwa miongoni mwa nchi zinazotuma watu, na haishangazi: huko wanawake wa Black Sash, chama kilichoanzishwa mwaka 1955, walikuwa wakikaa kwenye ofisi za pasi na mahakama zake, wakiandika kilichowapata watu weusi waliokamatwa bila pasi. Kazi ya kusimama, kutazama na kuandika ina ukoo wake.

Kwa siku moja mwangalizi anafanya nini?

Anahesabu. Nikisema hivi vijana huwa wananitazama kama nimewadanganya.

Timu inafika lango linapofunguliwa, ambalo kwa miaka mingi limekuwa saa kumi alfajiri au baadaye kidogo. Mmoja anakaa upande wa Bethlehemu, karibu na mlango wa kwanza, mwingine anapita ndani hadi upande wa Yerusalemu. Yule wa kwanza ana kidude kidogo cha mkononi cha kubonyeza. Kila mtu akipita, bonyezo moja. Kila nusu saa anaandika namba. Katika miaka ya shughuli nyingi maelfu ya watu walipita kati ya saa kumi na saa moja asubuhi, kwa hiyo kidole gumba kinachoka kabla ya jua kuchomoza.

Anapima muda pia. Njia ya zamani ni rahisi: unamwangalia mtu mwenye kofia nyekundu anayejiunga na foleni, unaandika saa, unampigia simu mwenzako wa ndani amsubiri. Vinginevyo unaingia foleni mwenyewe. Anaandika vibanda vingapi viko wazi na vingapi vimefungwa. Mlango ulisimama saa ngapi na kwa muda gani. Nani amerudishwa na kwa maelezo gani, yakiwepo. Anaandika kama kuna mgonjwa. Anaandika mvua.

Kuna mambo ambayo huwezi kuyaandika kwenye jedwali, na mwangalizi mzuri huyaweka pembeni kwa maneno. Wanaume wanaopanda juu ya vyuma na kutambaa kwenye paa ili kuruka foleni, na wale walio chini wanaowatukana kisha kuwapisha. Mlio wa mlango unapokwama mtu akiwa katikati, begi nje, mwili ndani. Wasiojuana wanavyogusana mwili kwa mwili kwa saa nzima bila kutazamana usoni. Mzee anayeitwa *haj* na kila mtu, ambaye vijana humwachia nafasi hata wakiwa wamechelewa.

Na kuna swali ambalo kila mwangalizi huulizwa na mtu aliye kwenye vyuma: "Unahesabu ili iweje?" Wengine huuliza kwa utani, wengine kwa hasira. Anayejibu kwa hotuba hajaelewa kazi. Jibu la kweli ni kwamba unahesabu ili mtu aliye ofisini asiweze kusema hakukuwa na foleni.

Anaweza kumsaidia mtu apite?

Mara chache. Hana mamlaka yoyote. Anachoweza ni kupiga simu ya dharura ya utawala wa kijeshi na kueleza kwa utulivu kwamba lango la wagonjwa limefungwa na kuna mtu wa hospitali anasubiri. Wakati mwingine, baada ya dakika kumi, lango linafunguliwa. Wakati mwingine sauti ya upande wa pili inasema wataangalia. Ukipiga mara tatu kwa asubuhi moja, wanaijua sauti yako.

Wale wanawake wa Machsom Watch wamekwenda mbele zaidi katika jambo moja: kuwasaidia waliozuiwa kwa "sababu za usalama" kuandika maombi na rufaa kwa Kiebrania. Watu wengi wameondolewa kwenye orodha kwa njia hiyo, bila kuambiwa waliingizwaje. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi iliyozaa matunda kuliko zote, na haifanyiki langoni bali mezani, kwa karatasi na simu.

"Lango la kibinadamu" ni nini?

Ni njia ya pembeni kwa wanawake, watoto, wazee, wagonjwa, na watu wa kazi kama walimu, ili wasiingie kwenye vyuma pamoja na mamia ya wanaume. Wazo lenyewe halina ubaya. Tatizo ni kwamba hufunguliwa askari akiwepo na akitaka. Mwanamke anayekwenda na mtoto hospitalini Yerusalemu anaweza kukuta limefungwa, akaambiwa asubiri; akisubiri, miadi imepita; akienda kwenye vyuma, mtoto anabanwa. Waangalizi huandika saa ya kufunguliwa na saa ya kufungwa kwa dakika, kwa sababu hili ni jambo ambalo jeshi limeahidi, na ahadi hupimika.

Nimeona jina hilo likitajwa bila kicheko. Lango moja likiitwa la kibinadamu, lile jingine tuliite nini?

Kuhesabu kumewahi kubadilisha chochote?

Ndiyo, na hapa ndipo mambo yanapokuwa magumu.

Msongamano ulikuwa wa hatari, si wa kuchosha tu. Mwanzoni mwa 2014, katika kizuizi kingine cha wafanyakazi karibu na Tulkarm, mtu mmoja alifariki baada ya kubanwa katika umati wa alfajiri. Taarifa za kila siku zilizoonyesha watu wangapi na dakika ngapi zilikusanywa kwa miaka, zikafika kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa wabalozi, kwa waandishi wa habari na kwa wanasheria. Waajiri wa Kiisraeli nao walilalamika, maana fundi anayefika akiwa hajalala haweki tofali sawasawa. Mwaka 2019 vizuizi vya 300 na Qalandiya, kile cha kati ya Yerusalemu na Ramallah, vilipata milango mipya ya elektroniki: unaweka kadi, kamera inatambua sura yako, mlango unafunguka. Waliokuwa wakitumia saa mbili wakaanza kupita kwa dakika chache.

Ushindi? Muulize mfanyakazi atakwambia analala saa moja zaidi, na si jambo dogo. Lakini sura yake sasa imo kwenye hifadhi ya jeshi, na mashine haina mtu wa kumwomba. Kadi ikikataa, taa nyekundu, basi. Mwangalizi aliyezoea kupima dakika anabaki na namba nzuri mkononi: dakika saba, dakika tano. Namba hizo ni za kweli. Hazisemi kitu kuhusu yule ambaye hakupewa kibali na kwa hiyo hakufika langoni kuhesabiwa, wala kuhusu dalali. Foleni ilikuwa sehemu ya kizuizi inayoonekana. Ilipofupishwa, wageni wengi walidhani kizuizi kimepungua.

Ndiyo maana nasema swali la kibali lije kwanza. Waangalizi wenye uzoefu walilijua, wakaanza kuuliza maswali mengine: umelipia kibali kiasi gani, umerudishwa mara ngapi, nani nyumbani kwako amezuiwa.

Israeli inasemaje? Na je, waangalizi si watu wa upande mmoja?

Israeli inasema vizuizi na ukuta ni kwa ajili ya kulinda raia wake. Katika intifada ya pili Waisraeli takriban 1,000 waliuawa, wengi wao raia, katika mabasi, mikahawa na masoko, na baadhi ya washambuliaji walitoka Bethlehemu na Hebroni. Wapalestina waliouawa katika miaka hiyo ni zaidi ya 3,000. Waisraeli wengi wanaamini ukuta ndio uliozima mabomu, na mtu asiyeisikia hofu hiyo hataielewa nchi ile. Wapinzani wa hoja hiyo hujibu kwamba makumi ya maelfu ya wafanyakazi wasio na vibali walikuwa wakivuka kila siku kupitia mianya ya ukuta, na jeshi lilijua.

Kuhusu upande: mpango wa makanisa una kanuni yake, kwamba hauegemei upande katika mgogoro lakini hauwi kipofu kwa haki za binadamu na sheria za kivita. Wakosoaji hawaridhiki. Mwaka 2012, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipopiga kura ya kuuunga mkono mpango huo, viongozi wa jumuiya ya Wayahudi wa Uingereza walilalamika kwamba wanaorudi hueleza upande mmoja tu. Lawama hiyo ina ukweli wa aina fulani: mtu anayekaa miezi mitatu upande mmoja wa lango ataona zaidi yaliyo upande huo. Dawa yake ni kutenganisha kile ulichokiona na kile unachokifikiri, kuwasikiliza pia Waisraeli wa Sderot na Haifa, na kutotumia neno kubwa mahali ambapo namba inatosha.

Kuna hatari?

Ipo. Mabomu ya machozi, mawe, na zaidi ya yote hasira za walowezi katika sehemu kama Hebroni. Huko palikuwa na waangalizi rasmi wa kimataifa walioongozwa na Norway, waliokaa kwa makubaliano ya pande zote mbili kwa zaidi ya miaka 20. Januari 2019 serikali ya Israeli ilikataa kuongeza muda wao, wakaondoka.

Hatari nyingine ni uwanja wa ndege. Hakuna njia ya kuingia Bethlehemu bila kupita mikononi mwa Israeli, hata ukija kupitia Yordani na daraja la Allenby. Desemba 2016 Isabel Apawo Phiri, mwanateolojia wa Malawi aliyekuwa naibu katibu mkuu wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, alizuiwa Ben Gurion na kurudishwa, huku wenzake wa ujumbe huohuo kutoka nchi nyingine wakiruhusiwa. Mwaka uliofuata Bunge la Israeli lilipitisha sheria ya kuwakatalia wageni wanaounga mkono kususia bidhaa za nchi hiyo. Mwenye pasipoti ya Kiafrika ajue hayo kabla ya kukata tiketi.

Ni lazima niwe Mkristo? Nijue Kiarabu?

Inategemea tawi la nchi inayokutuma. Uingereza mpango huendeshwa na Waquaker na hawaulizi dini. Machsom Watch ni ya wanawake wa Israeli tu.

Kiarabu si lazima, ila Mswahili ana akiba asiyoijua. Sabahi, shukrani, habari, hesabu, saa, subira: yote yametoka Kiarabu. Utaanza na maneno mengi kuliko Mswidi.

Naweza kupiga picha?

Ndani ya jengo, hapana. Nje, usimpige askari, na usimpige mfanyakazi bila idhini yake. Picha ya mtu asiye na kibali inaweza kumgharimu kuliko inavyokufaa wewe.

Baada ya Oktoba 2023 hali ikoje?

Baada ya shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 na vita vilivyofuata Gaza, Israeli ilisimamisha karibu vibali vyote vya kazi. Kabla ya siku hiyo, Wapalestina zaidi ya 150,000 wa Ukingo wa Magharibi walikuwa wakifanya kazi Israeli na katika makazi ya walowezi, wenye vibali na wasio navyo, na watu wapatao 18,000 wa Gaza walikuwa na vibali. Wachache mno wa Ukingo wa Magharibi wameruhusiwa kurudi. Ukosefu wa ajira ukapanda kutoka karibu asilimia 13 hadi zaidi ya 30. Mafundi wameuza dhahabu za wake zao, magari, hata zana. Wengine hupanda ukuta kwa ngazi na kamba. Wapo waliovunjika miguu na waliopigwa risasi.

Vizuizi vyenyewe havikupungua. Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya misaada ya kibinadamu ilihesabu vikwazo vya barabarani 645 mwanzoni mwa 2023, na 849 mwanzoni mwa 2025: milango ya chuma, vifusi vya udongo, matofali ya zege, vingi vikiwa kati ya kijiji cha Kipalestina na kijiji cha Kipalestina.

Kwa mwangalizi hii ni kazi ya ajabu. Amefunzwa kuhesabu umati, na sasa lango liko kimya saa kumi alfajiri. Wauza kahawa wamekwenda. Ukiandika "sifuri" kwenye jedwali, umeandika taarifa nzito kuliko zote zilizotangulia.

Ni kweli Wakenya na Wamalawi walipelekwa kuchukua nafasi hizo?

Ni kweli kwamba mwishoni mwa 2023 Malawi ilipeleka vijana zaidi ya 200 kwa kazi za mashambani, na serikali ya Kenya ikatangaza kupeleka 1,500. Wengi zaidi walitoka India, hasa kwa ujenzi. Tanzania ilikuwa na wanafunzi wa kilimo huko kabla ya vita, na wawili kati yao waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba. Simlaumu kijana anayefuata mshahara. Hakuna aliyemwonyesha foleni ya 300 kabla hajasaini. Ila wazazi wanaoniuliza kama ni kazi salama, nawaambia waulize kwanza ni nani aliyekuwa akiifanya na yuko wapi sasa.

Nakwenda hija Bethlehemu na basi la kanisa. Nitaona chochote?

Huenda usione. Mabasi ya watalii hupita njia ya magari, askari anapanda, anatupa jicho kwenye pasipoti, anashuka. Dakika mbili. Wengi hurudi nyumbani wakisema hakuna shida yoyote pale, na kwa upande wao hawasemi uongo.

Ukitaka kuona, mwangalie dereva wako na mtembezaji wako. Basi lenye namba za njano, za Israeli, mara nyingi linaendeshwa na mtu mwenye kitambulisho cha bluu, cha Yerusalemu au Israeli, kinachomruhusu kuvuka. Mtembezaji wa Bethlehemu mara nyingi ana kitambulisho cha kijani, cha Ukingo wa Magharibi, ambacho hakivuki bila kibali. Anawangoja upande wa ndani, anawaonyesha Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu, anawapeleka dukani kwa vinyago vya mzeituni, kisha basi likielekea kwenye lango anasimama, anawaaga kwa kipaza sauti na kuteremka. Mwulize, kabla hajateremka, mara ya mwisho alikwenda Yerusalemu lini.